Kisima cha Mpwapwa kilichohamia Katavi: taaluma ya ramani na GIS inampeleka mtu wapi

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Morogoro, ukaziacha nyuma Ihumwa na Mtumba na kuendelea mashariki, mahali fulani njiani unavuka mstari usio na kibao wala jiwe la alama. Ni longitudo ya nyuzi 36 Mashariki. Dereva wa basi haimhusu, wala mama anayeuza zabibu kando ya lami. Lakini kwa mtu wa ramani, hapo umehama kanda: magharibi mwa mstari ni kanda ya 36 ya mfumo wa UTM, mashariki mwake ni kanda ya 37. Bahi, Kondoa na Dodoma mjini ziko upande mmoja, Kongwa na Mpwapwa ziko upande wa pili. Mkoa mmoja, kanda mbili.

Binti mmoja wa mwaka wa tatu aliniletea kompyuta yake akiwa karibu kulia. Alikuwa amekusanya orodha ya visima vya mkoa mzima, vingine amevipima mwenyewe kwa GPS, vingine amevinakili kutoka karatasi za zamani. Alipovifungua kwenye ramani, visima vya Mpwapwa vilikuwa vimetua porini magharibi mwa Mpanda, mkoani Katavi, zaidi ya kilomita 600 kutoka vilipochimbwa. Vile vya kwenye karatasi vilikuwa karibu na mahali pake, ila vimesogea kama mita 300, kiasi cha kisima cha kitongoji kimoja kuangukia kitongoji jirani.

Hakuna aliyedanganya. UTM huigawa dunia katika vipande 60 vya nyuzi 6 kila kimoja, na namba za kuelekea mashariki huanza upya katika kila kipande. Ukiisoma namba ya kanda ya 37 kana kwamba ni ya kanda ya 36, unaisukuma sehemu hiyo nyuzi 6 kamili kuelekea magharibi, na kutoka Mpwapwa nyuzi 6 zinakufikisha Katavi. Zile mita 300 zina sababu nyingine. Ramani zetu za zamani za skeli ya 1:50,000 zilijengwa juu ya datamu ya Arc 1960, yaani dhana fulani ya umbo la dunia na pa kuanzia kuipima, wakati GPS hutumia WGS 84. Dhana mbili, majibu mawili, na kisima kimoja katikati.

Tulipomaliza kuvirudisha visima nyumbani, akaniuliza, "Mwalimu, hili tulilolifanya linaitwa nini hasa? Na mtu anaweza kulifanyia kazi chuoni maisha yake yote?"

Maswali hayo mawili nimeulizwa mara nyingi, na jibu fupi huwa halimsaidii anayeuliza. Tatizo linaanzia kwenye majina. Kuna upimaji, jiomatiki, katografia, GIS (mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi na kuchambua taarifa za mahali), sayansi ya taarifa za kijiografia, usomaji wa picha za setilaiti, na sasa wengine wanasema sayansi ya data za mahali. Kijana anaona rundo la majina, anadhani ni rundo la kazi zile zile, anajifunza programu moja, kisha anaandika kwenye wasifu wake "mtaalamu wa GIS". Miaka mitatu baadaye anashangaa kwa nini tangazo la nafasi ya kufundisha chuoni limempita.

Mimi huwa narudi kwenye kile kisima, kwa sababu kila taaluma ikisimama mbele yake huuliza swali lake.

Mpimaji na mtu wa jiomatiki atauliza: kiko wapi hasa juu ya dunia, na kosa la kipimo ni sentimita ngapi? Hiyo ni taaluma ya hesabu nzito, ya vituo vya msingi na mizunguko ya setilaiti. Mwanajiografia atauliza kwa nini kisima kiko hapo na si kule, nani anakitegemea, na maji yake yanatoka wapi. Hawa wawili wanaeleweka kwa urahisi. Wanaochanganya watu ni wale wawili waliobaki.

Mtu wa katografia huuliza: nikikuwekea kisima hiki kwenye ramani, wewe msomaji utaona nini kichwani mwako? Watu wengi hudhani katografia ni kuchora vizuri, na kwamba kompyuta imeiua. Si kweli. Chukua takwimu za Sensa ya 2022, iliyoupa mkoa wa Dodoma watu 3,085,625. Ukipaka wilaya rangi kwa idadi ghafi ya watu, wilaya yenye eneo kubwa itajaza jicho hata kama watu wake wametawanyika mno, na mji uliobanana utaonekana kadoa. Ukigawa idadi kwa eneo, picha inageuka. Takwimu ni zile zile, ramani ni mbili, na diwani anayepanga zahanati atafanya maamuzi mawili tofauti. Nani amepima ni ipi inampotosha msomaji, na kwa kiasi gani? Huo ndio utafiti wa katografia. Arthur Robinson, aliyeongoza kitengo cha ramani katika idara ya ujasusi ya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alitoka vitani akiamini kwamba wachora ramani wanafuata mazoea tu. Akaenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, na kuanzia miaka ya 1950 akasisitiza kwamba herufi, rangi na alama za ramani zijaribiwe kwa wasomaji halisi. Vyuo vingi vilivyoanza kuwa na maprofesa wa katografia vinadaiwa na msimamo huo.

Sayansi ya taarifa za kijiografia nayo ina asili inayotugusa sisi huku zaidi ya wengi wanavyojua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Roger Tomlinson alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya upimaji wa anga mjini Ottawa, Kanada. Kampuni iliombwa itafute eneo la kupanda miti nchini Kenya. Kazi yenyewe ilikuwa kulaza ramani juu ya ramani: udongo, mvua, mteremko, barabara, mpaka sehemu zenye sifa zote zionekane. Kwa mikono ya watu gharama ilipanda mno, kazi ikakwama. Tomlinson akajiuliza kama kompyuta ingeweza kulaza ramani hizo yenyewe. Swali hilo akalipeleka serikalini kwao, na Kanada ikajenga mfumo wa kwanza wa aina yake. Kwa hiyo GIS, ambayo wanafunzi wetu huipokea kama kitu kilichoshuka kutoka ng'ambo kikiwa kamili, ilichochewa na tatizo la ardhi ya Afrika Mashariki.

Kwa muda mrefu ilibaki chombo. Mwaka 1992 Michael Goodchild, mwanajiografia wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara, aliandika makala akipendekeza kwamba nyuma ya chombo hicho kuna sayansi. Kuna maswali ambayo programu yoyote utakayonunua haikujibii. Mpaka wa mbuga ya Bahi, inayopanuka masika na kunywea kiangazi, utauwekaje kwenye kompyuta inayotaka mstari mmoja? Kosa la mita 300 likiingia kwenye hesabu ya mteremko, kisha mteremko ukaingia kwenye hesabu ya mmomonyoko, mwisho wake linakuwa kosa la kiasi gani? Waldo Tobler alikuwa ameshasema mwaka 1970 kwamba kila kitu kinahusiana na kila kitu, lakini vilivyo karibu vinahusiana zaidi kuliko vilivyo mbali. Sentensi hiyo inasikika nyepesi, lakini takwimu za kawaida hudhani kila kipimo kinajitegemea. Visima viwili vya kijiji kimoja havijitegemei hata kidogo. Nusu ya sayansi hii inatafuta la kufanya kuhusu jambo hilo.

Tofauti ya mfumo na sayansi ndiyo inayoamua ajira ya chuoni. Ofisi huajiri anayejua kuiendesha programu. Chuo humwajiri anayejua kwa nini programu imekosea.

Sasa tuje nyumbani. Nchini mwetu maswali haya yametawanyika kwenye vyuo na idara tofauti, ndiyo sababu njia haionekani. Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam ndicho ngome ya jiomatiki. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), GIS hukaa ndani ya jiografia na mazingira. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, nacho cha hapa Dodoma, huifundisha kama chombo cha mpangaji. Vyuo vya Ardhi vya Tabora na Morogoro hutoa mafundi na wapimaji wa ngazi za kati, na nimefundisha wanafunzi hodari waliopitia huko kwanza, wakiwa na mkono uliozoea vifaa kuliko wenzao wote darasani.

Ngazi za chuoni ni zile zile popote utakapoingia: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Mkufunzi msaidizi ana shahada ya kwanza. Mhadhiri msaidizi ana shahada ya umahiri, au uzamili kama wengine wanavyoiita. Uhadhiri wenyewe unataka uzamivu. Kutoka hapo kwenda juu ni machapisho, kufundisha na kusimamia wanafunzi.

Penye maumivu ni mlangoni. Matangazo ya vyuo vya umma, ambayo hupitia Sekretarieti ya Ajira yenye ofisi zake humu humu kwenye majengo ya UDOM, kwa kawaida hutaka GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika umahiri, kwa kipimo cha 5. Hakuna anayekuambia hivyo ukiwa mwaka wa kwanza, unapolala na somo la hesabu ukidhani utalifidia baadaye. Mwenye 3.6 na kipaji cha ajabu cha ramani atapata kazi nzuri sana kwingine, lakini ngazi ya mkufunzi msaidizi haitamfungukia. Siufurahii utaratibu huo. Nimeona unawaacha nje watu ambao ningewapa darasa langu kesho asubuhi. Lakini upo, na kijana aujue mapema kabla haujamjua yeye.

Kuna mtego wa pili ambao hausemwi sana: shahada lazima zioane. Tangazo likisema linataka mhadhiri msaidizi wa jiografia, kamati huangalia shahada ya kwanza ni ya nini na ya pili ni ya nini. Mtu mwenye shahada ya kompyuta na umahiri wa GIS ana ujuzi adimu, pengine kuliko sisi wote, na bado anaweza kuambiwa hana shahada ya kwanza ya jiografia. Idara ya kompyuta nayo itamwambia umahiri wake si wa kompyuta. Mimi mwenyewe niliwahi kukataliwa hivyo na chuo kimoja, nikiwa na barua mbili za sifa mkononi. Ukitaka kuruka kutoka taaluma moja kwenda nyingine, ruka ukiwa umesoma matangazo ya miaka miwili au mitatu nyuma, uone wanaandika maneno gani.

Na maneno yenyewe yana hila yanapovuka mipaka. "Profesa msaidizi" wa Marekani si mhadhiri msaidizi wetu. Yeye ana uzamivu, ana mkataba wa majaribio wa kama miaka 6, na mwisho wake hupewa ajira ya kudumu au huondoka. Mhadhiri wa Uingereza anaweza kuwa sawa naye. Uholanzi, Sweden na Ujerumani, anayesomea uzamivu mara nyingi ni mwajiriwa anayelipwa mshahara, kwa hiyo nafasi hizo hutangazwa kwenye ukurasa wa kazi. Nimeona vijana wakitafuta kwenye orodha za ufadhili kwa miezi, wakati kitu wanachokitaka kimekaa kwenye orodha ya ajira.

Kwa umahiri, njia zinazojulikana na watu wetu ni kadhaa. Taasisi ya ITC ya Uholanzi ilianzishwa mwaka 1950 na Willem Schermerhorn, mtaalamu wa picha za anga aliyewahi kuwa waziri mkuu wa nchi hiyo, kwa nia ya kufundisha watu wa nchi kama yetu. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Twente mjini Enschede, na ni vigumu kuingia ofisi kubwa ya ramani Tanzania usikute aliyesoma huko. Kwa katografia hasa, ipo shahada ya pamoja ya vyuo vya München, Vienna, Dresden na Twente, ambayo imewahi kupata ufadhili wa Umoja wa Ulaya. Karibu zaidi kuna RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani za rasilimali kilichopo Kasarani, Nairobi, kinachotoa mafunzo tangu miaka ya 1970. Wala usidharau kubaki hapa hapa ukasoma chini ya msimamizi mzuri.

Maana uzamivu hausimami kwa jina la chuo. Unasimama kwa swali, na nchi hii kavu ya kati ina maswali ya kutosha vizazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, Anders Rapp wa Uppsala, Sweden, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipima jinsi mabwawa ya Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi yalivyokuwa yakijaa mchanga na tope. Walitaka kujua vilima vya Ugogo vinapoteza udongo kiasi gani kwa mwaka. Vipimo vile vilijenga majina ya watu katika sayansi ya mmomonyoko, na bado vinanukuliwa. Leo tuna picha za setilaiti za Landsat tangu mwaka 1972, za bure kwa kila mtu tangu 2008, na za Sentinel-2 zinazoonyesha kitu cha mita 10. Anayetaka kuendeleza hesabu ile hahitaji ruhusa ya Uppsala. Anahitaji mtumbwi, kamba ya kupimia kina, intaneti ya kushusha picha, na uvumilivu.

Au tazama Makutupora, yanakotoka maji mengi ya mji huu. Kina cha maji ya ardhini pale kimeandikwa tangu miaka ya 1950, na rekodi hiyo ni miongoni mwa ndefu kabisa katika ukanda wa tropiki. Watafiti walioichambua wameonyesha kwamba mvua za kawaida hazijazi hifadhi hiyo kama tunavyodhani. Hujazwa na masika machache yenye mvua kubwa kupita kiasi, hasa ya miaka ya El Niño. Sasa maji hayo yanazama wapi hasa katika bonde lile, na je, ndiko tunakopima viwanja? Kujibu kunataka mtu wa maji, mtu wa setilaiti na mtu wa ramani wakae meza moja. Hapo ipo tasnifu, pengine tatu.

Kongwa nayo inatufundisha upande wa pili. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947 kwa matumaini makubwa, ukafutwa 1951. Ardhi iliyoonekana tayari kwa matrekta iligeuka ngumu kama saruji kiangazi kilipoingia, na mvua haikufuata karatasi. Wagogo walijua tabia ya udongo ule. Hawakuwa sehemu ya ramani. Kila nikimpeleka mwanafunzi porini kuhakiki picha ya setilaiti kwa macho na kwa kuwauliza wenyeji, naikumbuka Kongwa, na simruhusu arudi na fomu tupu.

Niseme pia kuhusu machapisho, maana hapa watu wa ramani tunaonewa kidogo. Unaweza kukaa miezi minane ukitengeneza ramani au hifadhidata ya vijiji inayotumiwa na halmashauri nzima, na ukifika wakati wa kupandishwa cheo, kwa kawaida haibebi uzito wa makala moja iliyohakikiwa na wataalamu wenza. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuandika makala juu ya namna ulivyoitengeneza: makosa uliyoyapima, uamuzi ulioufanya, nini kingetokea ukiamua vingine. Na jihadhari na majarida yanayochapisha chochote mradi umelipa. Kamati huyajua, na jina lako linabaki humo.

Anayekosa nafasi ya chuo asidhani mlango umefungwa kabisa. Mji huu umezungukwa na wanaoishi kwa ramani: Ofisi ya Taifa ya Takwimu, iliyogawa nchi nzima katika maeneo ya kuhesabia watu kwa ajili ya sensa ile, Wizara ya Ardhi pale Mtumba, na Taasisi ya Jiolojia, ambayo Dodoma ni kwao tangu enzi za ukoloni. Nawajua waliofanya kazi ofisini miaka 6 au 7, wakakutana na tatizo lisilotatulika, wakalibeba kwenda nalo kwenye uzamivu, kisha wakaja kufundisha. Darasani hao husikilizwa kwa namna ya pekee.

Yule binti alimaliza kwa GPA ya 4.1. Barua yake ya kwanza kwa msimamizi wa ng'ambo ilisema anaipenda GIS na anaweza kutumia programu nne. Haikujibiwa. Tukakaa, akaiandika upya. Safari hii alianza na visima: vingapi viliangukia Katavi, vingapi vilisogea mita 300, na namna anavyotaka kupima ni maamuzi mangapi ya maji wilayani yamefanywa juu ya orodha zenye makosa kama hayo. Aliambatanisha kurasa mbili za data.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Lilikuwa na mistari mitatu, na wa kwanza uliuliza: hizi kodineti ulizonitumia, ni za kanda ya 36 au ya 37?